Nimesahau Miwani

Nyumba yangu niliipoteza kwa sababu macho yangu yalipona. Ukitaka kucheka, cheka, mimi nimeshazoea. Hapa Kangemi wanasema Mzee Were alitoa nyumba aliyojenga na marehemu mkewe akiwa na akili zake timamu, na karatasi alizisoma mwenyewe, kurasa nne, dakika ishirini, mbele ya wakili. Hizo dakika ishirini ni za kweli. Hiyo ya kusoma ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Mimi ni fundi wa mawe. Nusu ya kuta unazoziona ukitoka Adams Arcade ukipanda na Ngong Road, ama nilizijenga mimi ama nilimgombeza aliyezijenga. Ramani ya nyumba nikipewa naielewa kuliko injinia, maana ramani ni mistari na namba, na namba hazijawahi kunisumbua. Herufi ndizo hatujawahi kujuana. Shule nilienda wiki tatu, ndama wa baba wakakosa mchungaji, nikarudishwa nyumbani, na masomo yakaishia hapo. Jina langu naweza kulichora, kama vile mtu anavyochora kikombe. Nikishalichora sina lingine.

Mtu wa kwanza kujua alikuwa Nasimiyu, mke wangu. Tulikuwa na miezi miwili kwenye ndoa, tunakaa chumba kimoja hapa hapa Kangemi, akanipa barua ya mama yake nimsomee huku yeye akikanda unga. Nikaigeuzageuza. Nikasema mwandiko ni mbaya. Alinitazama kidogo, akanawa mikono, akaichukua ile barua akaisoma kwa sauti kana kwamba ndivyo tulivyokubaliana. Jumamosi akaenda Gikomba akarudi na miwani ya mtumba, fremu nyeusi ya kizee. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, na macho yangu hayakuwa na kasoro yoyote.

“Kutoka leo macho yako ni mabovu,” akaniambia. “Ukipewa karatasi mbele ya watu, papasa mfuko, sema, ‘Nisomee, nimesahau miwani.’ Hakuna mtu atakuuliza zaidi ya hapo.”

Na kweli hakuna aliyeuliza. Miaka thelathini nilisahau miwani: benki, kanisani, hospitalini, kwa chifu, kwa mwalimu mkuu. Watu ni wema sana kwa mtu aliyesahau miwani. Wanakusomea polepole, na mimi kitu nikisomewa mara moja hakinitoki tena. Hii ploti yetu, iliyo ukuta mmoja na mtaa wa Mountain View, niliinunua kwa kusomewa, na hakuna aliyenipunja hata futi moja. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wangu alikuwa mtu wa kifua.

Nyumba tuliijenga sisi wenyewe, mawe yangu, maji yake. Siku tuliyomwaga zege la kizingiti, Nasimiyu aliokota msumari akaandika 1998 kwenye zege bichi. Jina hakuandika, aliandika mwaka tu. Alijua nitapita hapo kila siku, akataka kuwe na kitu ninachoweza kusoma.

Sasa sikiliza na ubaya wangu, maana sitaki unihurumie bure. Tuna mtoto mmoja, Debra Naliaka. Alipoanza kuleta ripoti za shule, nilikuwa navaa ile miwani ya Gikomba, naketi, naishika ripoti kama hakimu. Namba nilikuwa naziona. Akileta nafasi ya tatu, nacheka naye. Mwaka mmoja alileta nafasi ya kumi na nne. Nilimwambia mtoto wa mtu anayesoma haleti kumi na nne nyumbani kwa babake, nikachukua fimbo, nikamchapa mpaka mamake akaingia katikati. Alikuwa na miaka tisa. Na mimi nilikuwa mtu ambaye hata nafasi ya mwisho nisingeipata. Katika yote nitakayokuambia, hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Debra leo ni mwalimu. Kila akisimama mbele ya wazazi husema kwamba ni baba yake aliyemfundisha kuheshimu kitabu. Mimi huwa naketi pale naangalia viatu vyangu.

Nilipopita miaka arobaini na tano, Mungu akanishika kwa maneno yangu mwenyewe. Namba za tepu ya kupimia zilianza kuchezacheza, nikawa naishika mbali mkono ukiwa umenyooka, kama mtu aliyeshika nyoka. Nasimiyu alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, “Baba Debra, sasa angalau umekuwa mkweli.” Miaka mitatu iliyopita presha ilimwangusha kwenye kile chumba cha mbele, Jumanne asubuhi, chai ikiwa mezani. Nilimzika yeye, na macho yangu ya kusomea nikayazika naye.

Baada ya hapo Debra akaanza kuninunulia miwani, na mimi nikaanza kuipoteza. Moja niliikalia. Moja niliiacha kanisani makusudi. Moja ilianguka kwenye simiti iliyokorogwa, na hiyo niliisukuma kidogo na mwiko ili izame vizuri. Ningefanya nini? Mtu aliyevaa miwani hana tena cha kupapasa.

Mume wa Debra anaitwa Ephantus, kijana wa watu wa Uthiru, mtu wa kanisa, mpole. Heshima yake kwangu ilipita kiasi. Miaka sita ya ndoa hajawahi kuketi kwenye kiti kilichoelekeana na changu. Akiwa na jambo zito la kuniambia, midomo inakauka, anamtuma Debra, au analiandika kwenye karatasi anaacha mezani chini ya kikombe. Zamani Nasimiyu ndiye aliyeziokota hizo karatasi. Basi hao wawili wakakaa wakashauriana, wakasema, mzee anapoteza miwani kila mwezi, tumpe macho yasiyopotea.

Wakanipeleka kliniki moja ya macho, upande wa Ngong Road. Msichana anayepima, anaitwa Ngina, akanivalisha fremu nzito ya chuma, akanipa kadi yenye maandishi makubwa juu na madogo chini.

“Mzee, nisomee mstari wa chini kabisa unaoona.”

“Sioni.”

Akabadilisha kioo. Herufi zikaja safi, nyeusi, zimejipanga vizuri.

“Na sasa?”

“Ukungu,” nikasema.

Akaweka kingine, na kingine. Kila kioo nikasema ukungu, kwa sababu ningesema naona, angesema soma. Za mbali nilimwambia anipe ubao wa namba, kwa vile herufi zinanichosha, na hizo nikazitaja zote mpaka za chini, akashangaa. Akamwita daktari. Daktari akaangalia mashine yake, akaniangalia mimi, akasema mashine inasema hivi na mzee anasema vile, na mgonjwa ndiye anayejua anachoona. Akaeleza kwamba leza itachonga ngozi ya mbele ya jicho. La kulia litabaki la kuona mbali. La kushoto litapewa kazi ya karibu, na kwa vile hali yangu ni mbaya, atalipa nguvu kuliko kawaida. Mbali litaona kidogo tu, lakini ubongo utajifunza kugawa kazi. Hapo ndipo uongo wangu ulipopata nafasi ya kuingia ndani ya jicho.

Bado ningeweza kukataa. Lakini Debra alikuwa amenishika mkono, machozi yako karibu. “Baba, utasoma tena,” akasema. “Utasoma Biblia ya Mama.” Nikapiga moyo konde nikaweka sahihi.

Leza yenyewe haikuchukua hata muda wa kunywa chai. Dawa ya ganzi, kitu cha kushikilia kope nisipepese, taa ninayoambiwa niitazame, halafu harufu ya nywele zinazoungua. Kesho yake asubuhi nilichukua kijisanduku cha ile dawa ya matone, nikakileta karibu. Mungu wangu. Niliziona herufi zote, na vile vidoti vinavyokaa juu yao, hata mahali wino ulipokolea. Nilikaa pale kitandani nikiziangalia mpaka Debra akaja na uji, na sikuijua hata moja.

Siku ya kurudi kliniki nilisoma namba zilizokuwa pembeni ya kadi, ndogo kabisa, wote wakapiga makofi. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi walinitengenezea macho tu.

Hasara nilianza kuziona moja moja. Juu ya jukwaa la mjengo nilikuwa naweka mguu nikidhani kuna mbao, hakuna. Nikashuka chini nikabaki huko, fundi mzima nikawa wa kuhesabu mifuko ya simiti. Simu nayo ikanyamaza. Zamani Debra alikuwa ananipigia kila jioni kwa sababu mzee haoni ujumbe. Sasa alikuwa anaandika. Anaandika, na mimi nachukua simu mpaka kwa Mwololo, fundi wa viatu pale steji, namwambia kioo cha simu kina giza, hebu angalia kama wewe unaona kitu. Mwololo anasoma kwa sauti, “Baba umekula?” Hivyo ndivyo nilivyokuwa naulizwa na mwanangu kama nimekula.

Basi ikaja habari ya ghorofa. Debra ndiye aliyeileta, tukinywa chai. Ephantus anataka kujenga nyumba za kukodisha nyuma ya ploti, pale kwa mihogo, na nyumba yangu itabaki mbele vile ilivyo. Nikasema sawa. Mtoto ni mmoja, ploti nitampa nani? Nilichoomba ni kimoja tu, kwamba nife mle mamake alimofia. Debra akasema, “Baba, hiyo si ya kuomba.”

Mwezi ukapita. Wakanichukua Jumatano tukaenda River Road, orofa ya tatu, kwa wakili anayeitwa Jamleck. Chini yake kuna watu wanachapa kadi za harusi, mashine zinagonga mpaka chai inatetemeka kwenye kikombe. Jamleck ni mtu makini. Aliweka kurasa nne mbele yangu, akavua saa yake, akaniuliza taratibu.

“Mzee, mtu asiyeona, ama asiyejua kusoma, mimi humsomea kwa sauti, neno kwa neno, halafu naandika kwamba nimemsomea. Nikusomee?”

Ephantus akatabasamu, amejaa fahari. “Wakili, huyu amefanyiwa leza. Anaona hata mguu wa sisimizi.” Halafu akageuka kwangu, akainamisha kichwa. “Baba, usome polepole. Hatuna haraka. Kama kuna mahali hupendi, usiweke sahihi, na mimi sitauliza kwa nini.”

Mkono wangu ulienda mfukoni wenyewe. Ulipapasa. Hapakuwa na kitu cha kusahau. Nisomee, hilo tu, neno nililolisema miaka thelathini bila aibu, na sasa halikuwa na mahali pa kupitia. Debra alikuwa ananitazama vile alivyokuwa ananitazama akiwa mdogo, nimeshika ripoti yake.

“Nitasoma,” nikasema.

Kusoma kwa uongo nakujua, nilikuwa na mwalimu mzuri. Macho yanatoka kushoto yanaenda kulia, yanashuka kidogo. Midomo inasogea mahali pagumu. Nilifungua ukurasa wa pili, nikarudi wa kwanza kana kwamba ninalinganisha kitu, nikaguna. Nikaiona namba ya ploti, namba ya kitambulisho changu, moja, mbili, tatu, nne za vifungu. Nilikaa muda mrefu kwa kile cha tatu kwa sababu kilikuwa kirefu. Nikasema sawa, nikachora jina langu kurasa zote. Ephantus alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa. Nilidhani analia kwa furaha ya ghorofa.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi, wakaja wote wawili. Ephantus hakuingia ndani, alisimama mlangoni juu ya ile 1998.

“Baba, watu wa kubomoa watakuja Jumatatu,” akasema. “Nimekupatia nyumba nzuri Uthiru, karibu na sisi. Haina ngazi.”

“Wabomoe nini?”

Akamtazama Debra. Debra akacheka kidogo, kicheko cha wasiwasi. “Baba, nyumba. Kifungu cha tatu. Benki ilikataa kutoa mkopo wa ghorofa za nyuma peke yake, ikataka ploti yote. Tulijua ni ngumu kwako.”

“Mimi nilishindwa kukuambia kwa mdomo,” Ephantus akasema, na alikuwa anaongea na sakafu. “Ningeanzia wapi kumwambia baba mkwe atoke kwa nyumba ya mama? Nikaona heri karatasi iseme, usome ukiwa umetulia, ukatae bila kunitazama usoni. Nilikuwa naomba ukatae, Baba, kusema ukweli. Ulikaa pale kwa cha tatu muda mrefu sana. Halafu ukaweka sahihi. Sijawahi kufanyiwa wema kama ule.”

Ningempata wapi wa kumlaumu? Kijana alikuwa ameniheshimu. Wakili alikuwa ameuliza. Daktari naye alifanya alichoambiwa. Nilitafuta mwizi kwenye chumba kile, nikajiona mimi peke yangu.

Debra akaja akapiga magoti mbele ya kiti changu. Yeye ni mwalimu, anamjua mtoto ambaye hajaelewa somo. Akaniangalia jicho moja, akaangalia la pili.

“Baba, bado hawajaanza,” akasema. “Kama kuna mahali hukuelewa, niambie sasa hivi. Niambie tu. Ephantus atarudi kwa Jamleck leo leo, hiyo karatasi itararuliwa. Baba, ulisoma?”

Hapo ndipo ilipokuwa, mbele yangu, nyumba nzima kwa maneno mawili. Nilifungua mdomo. Nikaiona fimbo. Nikamwona mtoto wa miaka tisa amelala kifudifudi kwenye kile kile kiti, analia, anaahidi kwamba atasoma kwa bidii kama baba yake. Nikamwona mamake ambaye alisimama upande wangu kwa uongo huo mpaka akaingia nao kaburini. Kama ningesema, mtoto huyu angeniuliza, basi ulinichapia nini?

“Nilisoma,” nikasema. “Nilisahau tu kwamba ni Jumatatu hii.”

Akapumua. Akaweka kichwa chake kwenye magoti yangu. Nililia siku hiyo, lakini walidhani ni macho, Debra akaenda kuniletea matone.

Jumatatu nilikataa kwenda Uthiru kabla sijaona. Nilisimama nje ya geti, upande wa barabara. Walikuwa wamebandika karatasi kwenye geti, nyeupe, herufi kubwa nyekundu juu na ndogo nyeusi chini, na zote niliziona. Mama mmoja wa makamo akaja na kikapu cha sukuma wiki, anataka kupita njia ya mkato ya kwenda Mountain View, akakuta kamba. Akaiangalia ile karatasi. Akaniangalia mimi. Akapapasa mfuko wa aproni.

“Baba, hebu nisomee hapo,” akasema. “Nimesahau miwani.”

Niliutazama ule mkono. Mkono wa mtu aliyesahau kitu hutafuta. Wake ulipapasa mara mbili ukatulia, haukuwa unatafuta chochote.

“Mama, mimi sijui kusoma,” nikamwambia.

Ilitoka hivyo tu, sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mvua imenyesha. Miaka hamsini na tisa, na mtu wa kwanza kumwambia kwa mdomo wangu mwenyewe ni mama wa sukuma ambaye hata jina lake silijui. Hakushtuka. Aliutoa mkono mfukoni, akaweka kikapu chini.

“Hata mimi,” akasema. “Tungoje mtu apite.”

Tukasimama hapo pamoja tukiangalia barabara, tukingoja mtu wa kutusomea, na kule ndani nikasikia nyundo imefika kwenye kizingiti.